Ng'ombe Aliyefungua Lango la Jineri

Mayige wa Mwamapalala hakuwa mtu wa kujisifu, kwa hiyo kazi hiyo itabidi asaidiwe hapa.

Alikuwa bawabu wa lango la jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, pale Bariadi, ile jineri ya kampuni binafsi iliyosimama muda mfupi baada ya serikali kuruhusu kila mwenye mizani na ulimi mtamu anunue pamba. Zamani mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika, kama mke wa ndoa ya kanisani: ukimpenda ni huyo, ukimchoka ni huyo. Sasa wanunuzi wakaja kama kumbikumbi baada ya mvua. Kila mmoja na lori lake, kila mmoja na bei yake ya asubuhi na nyingine ya jioni, na kila mmoja akimchungulia mwenzake juu ya ukuta.

Ndiyo maana meneja wa jineri ile akaleta lango ambalo Bariadi haikuwa imeliona. Lilikuwa la chuma, refu kuliko mtu aliyepanda juu ya mtu, na kwa nje halikuwa na kitasa, komeo wala tundu la ufunguo. Kufuli lake lilikuwa la umeme. Kitufe cha kulifungulia kilikuwa ndani, kwenye chumba cha mizani, nyuma ya ghala la mbegu, mahali ambapo lango lenyewe halionekani. Bawabu alikaa nje, kwenye kibanda cha mabati. Aliliona lori lakini hakuweza kufungua. Wa ndani aliweza kufungua lakini hakuona kitu. Kati yao ilikuwepo simu ya upepo, mmoja anayo yake na mwingine anayo yake.

"Hivyo mwizi itabidi awahonge wawili," alisema meneja, akijipigia makofi moyoni.

Na ili hao wawili wasije wakala njama, meneja akauliza wenyeji ni watu gani katika Usukuma hawawezi kuiba pamoja. Akaambiwa: mtu na baba mkwe wake. Wanaoneana aibu hata kula sahani moja, sembuse kuiba robota la pamba. Meneja akafurahi. Akamwajiri Mayige akae langoni, na kwenye kitufe akamweka Mzee Salu, baba yake Nyamizi, mke wa Mayige. Mzee Salu aliwahi kuwa kamanda wa sungusungu kijijini na alikuwa anamshuku hata mbwa wake.

Basi wewe uliyesoma utasema kazi imekwisha. Haikuwa imeanza.

Neno la siri la kwanza lilichaguliwa na meneja mwenyewe. Mayige akiona lori la kampuni anasema kwenye simu, "Pamba." Mzee Salu anajibu, "Nyeupe." Lango linafunguka. Lilikuwa neno zuri. Ubaya wake ni kwamba simu zile za upepo ziliuzwa Mwanza dukani, kwa yeyote mwenye pesa, na washindani nao walikuwa na pesa. Madereva wa kampuni nyingine walikaa kutwa kwa Martha, mama muuza chai aliyeweka banda lake ng'ambo ya barabara, na simu yao wakaifungulia sauti juu ya meza katikati ya vikombe. Wiki haikuisha, watoto wa mtaani wakawa wanaamkiana: "Pamba!" "Nyeupe!" Siku moja Mayige alikwenda msalani, akarudi akakuta lango li wazi na lori lisilo la kwao linatoka na marobota, dereva wake akimpungia mkono kwa adabu.

Meneja alitaka kulia. Badala yake akamwita Kristofa.

Kristofa alikuwa fundi wa umeme na simu kutoka Mwanza, kijana aliyevaa kalamu mfukoni hata alipovua shati. Alisikiliza kisa chote, akatikisa kichwa.

"Neno ukishalisema hewani si lako tena," akawaambia. "Ni la kila mwenye masikio. Kufuli lenu halina kosa. Kosa ni kwamba mnapiga kelele ufunguo wenu hadharani. Inatakiwa wa ndani aulize swali, wa nje ajibu, na swali likishaulizwa lisirudiwe tena. Hapo msikilizaji akisikia la leo halimsaidii kesho."

"Sawa," akasema Mzee Salu. "Na akikosea?"

"Akikosea mara tatu, hakuna kufungua. Mnasubiri meneja aje na ufunguo wa chuma, aingie kwa kimlango cha nyuma na kufungua mwenyewe."

Kristofa akajaribu hesabu kwanza. Mzee Salu ataje namba yoyote, Mayige aizidishe kwa namba ya siri waliyokubaliana, ajibu. Hesabu hiyo ilikuwa salama kabisa. Hakuna mwizi aliyeingia siku hiyo, na hakuna lori lililoingia pia. Mayige alizidisha kwa vijiti chini ya mti wa mwarobaini, Mzee Salu naye ndani akizidisha kwa punje za mahindi, na majibu yao hayakukutana hata mara moja. Foleni ya malori ikafika sokoni.

Kristofa akakuna kichwa kwa kalamu yake.

"Haya, wazee wangu. Kuna kitu gani ambacho ninyi wawili mnakijua kwa undani, na watu wa mjini hapa hawakijui?"

Mayige akatazama chini, kwa maana mkwe hamkazii mkwe macho. Mzee Salu ndiye aliyejibu.

"Ng'ombe."

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Waliotoka kwa huyu," akamwonyesha Mayige kwa kidevu, "wakaja kwangu kwa ajili ya binti yangu."

Hapo inabidi mgeni aelezwe. Msukuma anaweza kusahau siku aliyozaliwa mwanawe, lakini ng'ombe wa mahari hamsahau. Siku ya kuwapokea, wazee wa pande zote mbili hukutana njiani, huwaswaga pamoja, kisha huwazungusha wanyama wale mmoja mmoja, wakawafungua midomo, wakawapapasa mbavu, wakabishana juu ya kila pembe toka asubuhi hadi chakula kipoe. Kila doa linajulikana. Kila kilema kimekwisha kutetewa na upande mmoja na kusimangwa na upande wa pili. Darasa kama hilo hakuna chuo kinachotoa.

Kristofa hakuamini. Akamtoa Mayige nje, akamuuliza Mzee Salu: yule ng'ombe wa kwanza kuingia zizini alikuwaje? Mzee akasema alikuwa mweusi, sikio la kushoto limechanika, haendi mpaka apigiwe mluzi. Kristofa akatoka nje akamuuliza Mayige.

"Yule mweusi? Sikio la kushoto limechanika," akasema Mayige. "Na bila mluzi haendi."

Kristofa akarudisha kalamu mfukoni. Mambo haya aliyasomea Dar es Salaam, kwa Kiingereza, na mtihani wake alirudia.

Basi ikawa hivyo. Lori likifika, Mayige anabonyeza simu: "Wangaluka, baba. Lori la Kiloleli, dereva Thomasi. Ova." Mzee Salu anaitikia, anauliza habari za asubuhi, kwa kuwa hata usalama hauwezi kumzuia mtu kusalimiana, kisha sauti yake inabadilika, inakuwa ile ya kamanda. "Yule wa mabaka alipofika mtoni alifanya nini? Ova." "Alilala ndani ya maji, baba, tukamvuta mkia. Ova." Ndani ya lango kunasikika *ta!* na chuma kinaachia.

Swali likishatumika, wakasema limechinjwa. Mshindani mmoja alijaribu bahati yake. Aliiga sauti ya Mayige, akaulizwa juu ya mkia wa ng'ombe mmoja, akajibu kwa kujiamini, "Pembe ya kulia imepinda," kwa sababu ndivyo alivyosikia jana yake.

"Hiyo ni nyama ya jana," akasema Mzee Salu. "Imekwisha oza. Nenda zako. Ova."

Kwa Martha watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Madereva wale wakawa hawasikilizi tena kwa ajili ya kuiba. Walisikiliza kama watu wanaosikiliza mpira. Msimu ulipofika katikati, nusu ya mji ilikuwa inawajua ng'ombe wa mahari wa Nyamizi kwa tabia zao, na wengine walikuwa na wapenzi wao kati yao.

Lakini alikuwepo ng'ombe mmoja ambaye Mzee Salu hakuwahi kumuuliza, na Mayige hakuwahi kumtaja. Huyo alikuwa mtamba mwekundu aliyenunuliwa mnadani Lagangabilili, akapewa jina la mnada huo, jina refu kuliko mkia wake. Lagangabilili alifika kwa Mzee Salu, ng'ambo ya mto huko huko Mwamapalala, kwa miguu yake, akapokelewa, akasifiwa, na kabla mwezi haujaandama akafa.

Alikufa kwa nini? Hapo ndipo koo mbili zilipogawanyika. Upande wa Mzee Salu ulisema alikuja na ugonjwa wake tumboni, kwamba kina Mayige hawakuleta ng'ombe, walileta msiba wenye pembe. Upande wa Mayige ulisema alikuwa mzima kama jiwe, ila alipofika kwa wakwe alifungwa plau, mtamba wa kike, akalimishwa shamba la mpunga kama aliyekuja kutafuta kibarua. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, ng'ombe wengine wakazaa na wajukuu wao wakazaa, lakini Lagangabilili aliendelea kufa kila penye mkusanyiko wa watu na nyama.

Mwaka huo alikufa kwenye harusi ya mdogo wake Nyamizi. Mayige alikuwa ameshiba, na shibe yake ina mdomo. Mbele ya wageni akasema, "Kuleni taratibu, jamani, hapa hata ng'ombe wa mahari hulimishwa." Watu wakacheka. Nyamizi hakucheka. Alikunja kanga zake, akachukua watoto, akabaki hapo hapo kwa baba yake. Hakurudi Bariadi.

Nyumba bila Nyamizi haikuwa nyumba. Mayige alijipikia ugali, ukatoka na mabonge kama udongo wa mfinyanzi. Alijifulia shati, likabaki na sabuni, akatoka vipele. Mwisho akaenda Mwamapalala kichwa chini. Banamhala, ndio wazee wa ukoo, wakakaa, wakamsikiliza, wakatoa hukumu nyepesi: Mayige aahidi mbele yao kwamba habari ya kifo cha ng'ombe yule haitamtoka mdomoni tena kamwe. Akiahidi, na akikaa kimya mpaka Jumamosi ya wiki inayofuata, siku hiyo arudi mbele yao na Nyamizi atarudishwa kwake. Akivunja, arudi hivyo hivyo asikie hukumu nyingine.

Mayige akaahidi. Mzee Salu alikuwepo, akitazama ukuta. Kesho yake wote wawili wakarudi kazini, wakaendelea kuulizana mikia na pembe kwenye simu ya upepo, kwa adabu iliyopita kiasi.

Sasa Ijumaa, siku moja kabla ya Jumamosi hiyo, mambo matatu yakakutana pale langoni, na hakuna hata moja lililobisha hodi.

La kwanza, Mayige aliamka na mafua. Vumbi la pamba lilimkaa kooni, sauti ikawa kama ya fisi aliyemeza mfupa. La pili, asubuhi ile ile mtu fulani alijaribu tena kumwiga kwenye simu, akashindwa, na Mzee Salu akawa amekunja uso toka saa hiyo. La tatu lilikuwa mvua. Msimu ulikuwa ukingoni, na mawingu ya kwanza yalipanda kutoka upande wa ziwani, meusi, yakiwa na haraka.

Thomasi akafika na lori lake kutoka Kiloleli, limejaa pamba mpaka juu, na turubai lililotoboka kama chujio.

"Fungua, bawabu!" akapiga honi. "Hii ikilowa, mimi na wewe tutaila kwa chumvi."

Hakuwa anatania sana. Pamba ikilowa inaota joto, inaoza, na hakuna jineri inayoipokea. Meneja alikuwa ameenda Mwanza na ufunguo wake wa chuma, na alikuwa ameacha maneno mafupi: pamba ikinyeshewa nje ya lango, bawabu asiripoti Jumatatu.

Mayige akabonyeza simu. "Wangaluka, baba. Lori la Kiloleli, dereva Thomasi. Ova."

Sauti ya Mzee Salu ikarudi, imenyooka kama fimbo. "Sauti yako imekuwaje? Ova."

"Mafua, baba. Ova."

"Mwizi wa asubuhi naye alikuwa na mafua. Ova."

Ng'ambo ya barabara madereva wakaacha kutafuna. Martha akaongeza sauti ya ile simu juu ya meza.

"Niulize, baba. Ova."

Mzee Salu alichelewa kuuliza. Mayige alijua sababu yake. Msimu ulikuwa mrefu na malori yalikuwa mengi. Pembe zote zilikuwa zimeulizwa, masikio yote, mikia yote, nani alimswaga nani na nani aligoma kuvuka mto. Zizi lilikuwa limekwisha. Alibaki mmoja.

"Lagangabilili," akasema Mzee Salu, na sauti ilikuwa ya kamanda, si ya mkwe. "Alikufa kwa nini? Ova."

Kwa Martha mtu mmoja akasema, "Mama yangu!" akavua kofia.

Mayige akaishika ile simu kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Aliiona Jumamosi. Alimwona Nyamizi na kanga zake mlangoni. Akajibu kwa upole wote aliokuwa nao, sauti ya fisi ikijitahidi kuwa ya kondoo:

"Alikuwa mgonjwa, baba. Ova."

"Wewe si Mayige."

"Baba, ni mimi."

"Mayige namfahamu. Toka nimempa binti yangu hajawahi kukubali neno hilo, na hatalikubali mpaka azikwe. Kosa la kwanza. Ova."

Madereva walipiga meza. Thomasi akashuka kwenye lori, akaangalia mawingu, akaangalia bawabu. "Kwani ni lipi jibu lenyewe? Si umwambie?"

"Huelewi."

"Naelewa mvua."

Mayige akajaribu tena. "Baba, niulize mwingine. Ova."

"Ng'ombe wamekwisha. Ova."

"Thomasi yupo hapa, Martha yupo, watakuambia ni mimi."

"Mwizi hatembei peke yake. Jibu. Ova."

Tone la kwanza likaanguka juu ya bati la kibanda. Mayige akafumba macho, akatafuta jibu la katikati, jibu lisilo la kwake wala la wakwe, jibu la kanisani. "Alikufa kwa mapenzi ya Mungu, baba. Ova."

"Kosa la pili," akasema Mzee Salu. "Na hata Mungu humjui vizuri. Ova."

"Weee Mayige!" Martha akapaza sauti toka ng'ambo, mwiko mkononi. "Adabu yako itatulowesha pamba! Mkwe wako anakutafuta mwenyewe, na wewe unajificha!"

"Mama Martha, nimeahidi wazee!"

"Basi kaa na ahadi yako mkaoane. Nyamizi akirudi akute huna kazi, atakula ahadi?"

Matone yakawa mengi. Yalipiga turubai la Thomasi na kupita, kama vile turubai halikuwepo. Mayige akatazama lile lango lisilo na kitasa. Nyuma yake, mbali, nyuma ya ghala, alikaa mzee aliyekataa kumfungulia mtu mwenye heshima, kwa sababu mkwe aliyemjua yeye hakuwa na heshima. Lilikuwa limebaki jibu moja. Mayige akavuta pumzi, mafua na yote, akabonyeza simu mpaka kidole kikawa cheupe.

"Hakuwa mgonjwa!" akapiga kelele. "Hakuwa mgonjwa hata kidogo! Alikuja kwenu ananenepa, ninyi mkamfunga plau! Mtamba wa kike! Mkamlimisha mpunga mpaka magoti yakamwisha, halafu mkamla na maini mkagawana bila kuniita! Na hata leo ukiniuliza, na kesho ukiniuliza, na nikifa ukija kuuliza kaburini, nitakuambia ni plau! Ova!"

Kwa Martha madereva wote wakasimama, vikombe mkononi.

*Ta!*

Lango likaachia.

"Ingia, ng'wanawane," sauti ya Mzee Salu ikasema, ikimwita mwanangu kwa Kisukuma, tulivu, kama mtu aliyeokota fimbo yake iliyopotea. "Lipitishe chini ya paa la ghala haraka. Na utafute tangawizi. Ova."

Pamba ya Kiloleli iliingia ikiwa imelowa juu juu tu, na jioni ilikauka kwenye upepo wa mashine. Kwa Martha walishangilia kama timu imefunga bao, na mzee mmoja mpita njia aliyeuliza kuna nini akaelezwa kwamba kesi ya ng'ombe imeamuliwa na umeme: lango lilikuwa linafunguka kwa jibu sahihi tu, na limefunguka kwa plau.

Usiku Mayige hakula. Alijua habari zinafika Mwamapalala kabla ya baiskeli. Asubuhi akavaa shati lenye sabuni, akaenda hivyo hivyo, kwa kuwa mtu aliyeahidi kufika hufika hata kupigwa.

Banamhala walikuwa wamekwisha kaa, na Mzee Salu kati yao. Nyamizi alisimama mlangoni pa nyumba ya mama yake. Watoto walimkimbilia baba yao, naye akawashika mikono.

"Tumesikia," akasema mkubwa wa wazee. "Mayige, uliahidi. Jana umesema, tena mbele ya wilaya nzima. Una la kujitetea?"

"Sina," akasema Mayige.

"Salu. Wewe ulimfungulia?"

"Nilimfungulia."

"Basi tuambie na sisi wa shamba. Kama jibu lake lilikuwa la uongo, ulimfungulia mwongo, na kazi huijui. Kama lilikuwa la kweli, ng'ombe mlimuua ninyi, na binti yako amekaa hapa bure. Lipi?"

Wazee wakasogeza vigoda. Swali lile lilikuwa na pembe mbili, na zote zilimwelekea Mzee Salu. Mzee hakuharakisha. Alitoa ugoro, akavuta, akapiga chafya, akajifuta.

"Sikuuliza ng'ombe alikufa kwa nini," akasema. "Hilo nalijua, na ninyi mnalijua: alikuwa mgonjwa. Mimi niliuliza langoni kuna nani. Yule wa kwanza, mpole, aliyekubali kila kitu, sikumjua. Yule wa mwisho nilimjua hata kama angesemea ndani ya mtungi. Kazi yangu haikuwa kutafuta ukweli. Kazi yangu ilikuwa kumtafuta mkwe wangu. Nikampata."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka kwa mabega, mwingine akamfuata.

"Na ahadi?" akauliza yule mkubwa, akijikaza.

Jibu lilitoka mlangoni. "Ahadi gani tena, baba?" akasema Nyamizi. "Aliyetaja jina la ng'ombe kwanza ni nani? Mtu ameulizwa na mkwe wake, mara ya kwanza akajibu kwa heshima, akaambiwa amekosea. Mara ya pili akamtaja Mungu, akaambiwa amekosea. Mlitaka amtaje nani?"

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kanga zake zimefungwa, na mama yake nyuma akibeba kuku.

Mzee Salu akainuka naye, akaenda zizini. Akarudi anaswaga mtamba wa rangi ya majivu, mwenye doa jeupe chini ya jicho kama machozi, anayetembea upande upande.

"Mchukue huyu," akamwambia Mayige, akitazama pembeni. "Si faini. Usije ukamwambia mtu ni faini. Ni wa kazini. Wale wa zamani wamekwisha, na Jumatatu malori yanakuja. Njiani mwangalie vizuri, kila kitu, mimi nimekwisha mwangalia, na nitawafuata nyuma mpaka mjini. Mjini pale usimwonyeshe mtu. Mfiche kwa mjomba wako."

"Nimesikia, baba."

"Na plau usimfunge."

Mayige akafungua mdomo. Nyamizi akamkanyaga mguu. Mayige akaufunga.

Jumatatu asubuhi kwa Martha walijaa mapema, simu katikati ya vikombe. Lori la kwanza likafika, likasimama. Mayige akasalimia, shati lake safi, kola imenyooka.

"Wangaluka, ng'wanawane," akasema Mzee Salu. "Yule wa majivu mlipofika kwenye daraja, alifanyaje? Ova."

"Alimfuata Nyamizi, baba. Mimi alinikataa. Ova."

*Ta!*

"Wa majivu ni yupi?" wakaulizana madereva. Walikuwa wamekaa msimu mzima na ng'ombe wale, na huyu hawakumjua hata kidogo. Mmoja akasukuma kikombe chake, akauliza kama chai imebaki.